Gwaride la Watani wa Selemani

Vijana mnaoanza kazi ya kipaza sauti mkinikuta sokoni huniuliza swali moja: "Mzee, nikisimama mbele za watu niseme nini?" Hilo ni swali la mwisho. Kwanza tafuta jenereta imewekwa wapi. Ikikaa upande upepo unakotoka, hata uwe na sauti ya malaika, watu watasikiliza jenereta. Usipulize kipaza sauti kama unawasha jiko. Kisalimie kwa neno, kitakuitikia. Usiwalishe wachezaji wa ngoma kabla mgeni rasmi hajafika, maana mgeni rasmi atachelewa, na ngoma iliyoshiba hulala. Na msibani, jina la marehemu usilisome kwa mara ya kwanza ukiwa mbele ya umati. Nenda jikoni, waulize akina mama alikuwa anaitwaje hasa.

Haya ndiyo niliyovuna katika utumishi wangu wote kama afisa utamaduni hapa Mtwara. Huku mtumishi huitwa kwa kazi yake: Bwana Shamba, Bwana Afya, Bwana Mifugo. Mimi nikawa Bwana Utamaduni. Nilikuja kutoka Singida na shahada yangu ya chuo kikuu ndani ya bahasha ya kaki, nikiwa nimeandika insha ndefu kuhusu mila za watu ambao sikuwahi kula nao. Nimestaafu mapema, kwa hiari yangu. Nasikia ofisini walikubali kwa hiari kubwa zaidi. Sababu mojawapo ni msiba mmoja wa Msimbati, nao ndio nataka kuwasimulia, kwa sababu naona mnaanza kufundishwa kwamba siku ile nilikosea. Sikukosea.

Lakini ili mnielewe, lazima nianze na siku niliyokosea kweli.

Ilikuwa kijiji cha Ziwani, msiba wangu wa kwanza nikiwa na kipaza sauti, enzi zile kilikuwa bomba la bati na betri zake. Jeneza lilipoinuliwa, mwanamke mmoja akajitupa chini mbele yake, akajilaza chali barabarani, akaanza kulia kwa sauti ya juu kwamba marehemu ameondoka na jogoo wake. "Mwizi huyu. Hatoki. Mwacheni hapa mpaka jogoo awike." Mimi, msomi, nikaona mama wa watu amerukwa na akili kwa huzuni. Nikatumia bomba langu kumwita mgambo aje amwondoe. Mgambo akaja, akavua kofia, akamtazama yule mama, kisha akalala chini kando yake. Naye alikuwa anadai bata.

Umati mzima ukaangua kicheko, wafiwa wakiwa wa kwanza. Yule mama akainua kichwa kutoka mavumbini akaniuliza, "Na wewe wa bomba, marehemu kakuachia nini? Suruali hiyo?"

Ndivyo nilivyofahamiana na Somoe, muuza pweza wa Msimbati, na ndivyo nilivyofahamiana na utani. Nilikuwa nimeuandikia insha. Sikuwa nimewahi kuuona ukiwa umelala barabarani.

Kwa wale mliokulia mjini niseme kwa ufupi. Kuna koo ambazo ni watani tangu mababu. Hutukanana bila kukasirikiana, na ukoo mmoja ukifiwa, mwingine una kazi. Watani hukata kuni, huchota maji, huwalazimisha wafiwa wale. Hapohapo humwigiza marehemu: alivyokuwa anatembea, alivyokohoa, alivyoficha mboga mgeni akipiga hodi. Huzuia jeneza mpaka wapewe chochote cha kuwapoza. Mgeni huona ni utovu wa adabu. Mwenyeji anajua kwamba huwezi kumwiga mtu usiyemjua. Anayechekwa msibani alikuwa na watu.

Selemani nilimjua akiwa mtoto, kwenye halaiki. Mnaikumbuka halaiki, yale maonyesho ya wanafunzi uwanjani siku za sherehe za taifa, watoto wakipiga hatua pamoja, wakapanda mabegani mwa wenzao wakawa mnara. Kufundisha halaiki kulikuwa sehemu ya kazi yangu, na niliipenda kuliko zote. Siri yake ni hii: usitazame miguu. Ukitaka kujua nani amepotea, tazama mikono. Miguu mia mbili hutimua vumbi moja, mtu akijificha humwoni. Mkono hauna pa kujificha.

Na mkono wa Selemani nilikuwa nauona hata nikifumba macho. Mtu yeyote akitembea, mguu wa kushoto ukienda mbele, mkono unaoufuata ni wa kulia. Ninyi hapo mnafanya hivyo bila kufundishwa. Selemani akiamriwa kupiga gwaride, mkono wa kushoto ulitoka na mguu wa kushoto, wa kulia na wa kulia, mwili mzima ukawa unayumba kama meza iliyolegea miguu. Ukimwacha aende zake nyumbani alitembea kama watu wote. Ukipiga filimbi tu, basi.

Nikamtoa kwenye mstari nikamwambia akapumzike. Hakutoka.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi ndiye niko sawa. Hawa wengine ndio wanapishana. Kushoto ni kushoto."

Mwishowe nikamweka chini kabisa ya mnara, mahali ambapo mtu husimama tu na wenzake wakampanda mabegani. Alibeba watoto wawili jua kali bila kutikisika, huku akiwachekesha wasiogope kuanguka. Wakati wa kutoka uwanjani ndipo tulipoumbuka, kwa sababu waliokuwa nyuma yake walimwiga, na safu nzima ya Msimbati ikapita mbele ya mgeni rasmi ikiyumba. Mgeni rasmi akapiga makofi. Alidhani ni ngoma ya huku.

Kwao waliishi yeye, mama yake na wadogo zake, baba alishatangulia. Mama yake tunamwita Mama Sele. Ana mikorosho michache na shamba la mihogo, na ulimi ambao hata Somoe anauheshimu. Selemani alipomaliza shule akaenda jeshi la kujenga taifa, kisha akachukuliwa jeshini kabisa. Msimbati yote ilicheka. Somoe akatangaza pale anapouzia pweza wake kwamba sasa nchi imekwisha, adui akija atamwona Selemani anavyotembea na atashindwa kupiga risasi kwa kicheko.

Wakufunzi walimnyoosha. Alipokuja likizo ya kwanza alipiga hatua safi kabisa mbele ya nyumba ya mama yake, kofia imekaa, kiwiko kimenyooka. Somoe akamwendea nyuma taratibu akamtekenya. Mkono na mguu vikarudi upande mmoja papo hapo. "Nilijua," Somoe akasema. "Wamempaka rangi tu."

Jeshini walimweka jikoni. Yeye mwenyewe alituambia bila kuona haya. Alisema kamanda alimtazama kwenye gwaride siku moja, akaomba asimtazame tena, akaulizwa kama anajua kupika. Akawapikia wenzake wa bara ming'oko, vile viazi mwitu vyetu vya msituni, mpaka wakawa wanaviulizia. Likizo zote alirudi na gunia tupu akaondoka nalo limejaa. "Mama," alikuwa anasema, "mimi ndiye ninayelinda nchi. Wale wenye bunduki wanalinda, lakini wakishashiba."

Alifariki akiwa kazini, upande wa mto Ruvuma. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa, njia imekuwa uji. Walikuwa wanapeleka chakula kwa wenzao waliokuwa lindo mbali na kambi. Gari likaserereka kwenye mteremko, likapinduka. Wenzake waliumia wakapona. Yeye hakupona. Hayo ndiyo tuliyoambiwa na waliokuwa naye, nami sina la kuongeza wala la kupamba.

Wapambaji walikuwepo lakini. Siku ya mazishi nilifika Msimbati mapema, nikakuta uwanja wa Mama Sele umezungushiwa kamba, una maturubai, viti vyenye vitambaa, maspika marefu kuliko nyumba, na kijana wa itifaki mwenye vifaa viwili vya kusikilizia masikioni. Zamani ratiba ya msiba niliiandika kwenye kiganja. Siku hizi inafika kwenye simu ikiwa na nembo, rangi na dakika za kila mtu. Nikaisoma yote. Kulikuwa na nafasi ya salamu za taasisi, salamu za wawakilishi wa salamu, na utambulisho wa wageni ambao wangetambulishwa tena wakati wa kutoa salamu. Watani hawakuwemo.

Halafu nikasoma wasifu wa marehemu ambao nilitakiwa kuusoma hadharani. Iliandikwa kwamba Praiveti Selemani "alianguka katika mapambano makali".

Nilifanya nilivyowaambia mfanye: nikaenda jikoni. Mama Sele alikuwa amekaa mkekani, mgongo umenyooka, macho makavu. Wenzake walisema hajalia tangu habari ifike. Nikainama nikamsomea taratibu.

"Mapambano na nani?" akauliza.

"Hawakuandika, mama."

"Mimi niliambiwa gari. Niliambiwa alikuwa anawapelekea wenzake ugali."

"Ndivyo nami nilivyoambiwa."

"Basi sema ugali." Akatazama mlangoni. "Bwana Utamaduni, watani wangu wako wapi?"

"Wamezuiwa kule kwenye kamba, mama."

"Nani kawazuia?"

"Ratiba."

"Mwambie huyo Ratiba aje anisalimie."

Sikujua nicheke au nitoke. Akanishika mkono, nao ulikuwa wa baridi. "Sikiliza. Juzi hapa waliokota ntu pale mlangoni mwa mto, kaletwa na maji, hajulikani kwao. Wakamsalia, wakamzika vizuri. Kimya. Hakuna aliyemcheka, maana hakuna aliyemjua. Sele wangu msimzike hivyo. Bendera nimeiona, askari nimewaona, nimeshukuru. Lakini mkimtoa hapa bila kuchekwa, mtakuwa mmezika ntu wa kuokotwa."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, wanangu. Yale mengine yote ya jenereta ni ufundi tu.

Jeneza lilikuwa mezani katikati ya uwanja, limefunikwa bendera, askari wanne pembeni wamekauka kama nguzo. Mkuu wao alikuwa luteni kijana wa bara, uso umebana. Nyuma ya kamba, Somoe amesimama na watu wa ukoo wake, wamebeba vitu vimefungwa kwenye kanga. Sheikh alikuwa kivulini na tasbihi yake, anasubiri adhuhuri tuelekee msikitini.

Nikamwendea kijana wa itifaki kwanza. Akaniambia, "Mzee, tuko mubashara. Tukiingiza vichekesho mubashara, itaonekanaje?"

"Itaonekana Msimbati," nikamwambia.

Akamwita Luteni. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, huyu ni askari wangu. Nimemleta kwao kwa heshima. Hatachekwa mbele yangu."

Somoe ana masikio. Akadaka maneno hayo toka kule kwenye kamba. "Wako? Wewe umempata lini? Sisi tumemcheka huyo tangu hajaota meno. Wewe umepewa ameshaiva."

"Mama, naomba utulivu."

"Mwanangu, mimi nikitulia ndipo uogope."

Mmoja wa wale askari wanne alimeza mate kwa nguvu sana. Nikamwambia Luteni, "Afande, hawa nao wamekuja kazini. Hili ni gwaride lao. Lina amri zake na lina wakubwa wake, na mkubwa ni huyo anayekutukana. Mama mzazi ndiye aliyewaita."

"Watachukua dakika ngapi?"

"Watani hawana dakika."

Tukamgeukia sheikh, kila mmoja akitumaini atamsaidia. Sheikh akatazama jua. "Adhuhuri ikiingia, tunaondoka na maiti yetu," akasema. "Kabla ya hapo mimi niko katika dhikri, sioni kitu." Akageuza kiti chake kikatazama ukuta.

Luteni hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana, nami nimefanya kazi serikalini muda wa kutosha kujua tofauti. Nikarudi kwenye kipaza sauti. Kijana wa itifaki alikuwa ananionyesha kwa vidole kwamba sasa ni utambulisho wa wageni. Nikasoma wasifu kwanza. Nilipofika kwenye yale mapambano nikasema hivi: "Praiveti Selemani alifariki akiwa anawapelekea wenzake ugali." Kisha nikasema, "Sasa tunawakaribisha watani wa marehemu." Mtu wa mitambo akanitazama kama nimemkanyaga. Nikamwambia aongeze sauti.

Kamba ikainuliwa. Somoe akafungua kanga yake, akatoa sufuria akaivaa kichwani kama kofia ya chuma, akatoa mwiko mrefu wa ugali akauweka begani kama bunduki. Ukoo mzima nyuma yake, sufuria kwa sufuria. Akajipigia amri mwenyewe, na wakaja. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto, wa kulia na wa kulia, wakiyumba kuzunguka jeneza. Nikawaona tena watoto wangu wa halaiki.

Somoe akasimama kichwani pa jeneza, akapiga saluti kwa mwiko.

"Selemani. Saa hizi umelala, na jeshi halijanywa chai? Amka, wakubwa wamekuja wenyewe kukuulizia." Akaigusa bendera kwa ncha ya kidole. "Na hili shuka zuri hivi wamekupa peke yako? Wewe uliyekuwa unagombania shuka na wadogo zako mpaka likachanika? Haya, vuta, leo hakuna wa kukuvuta." Akaigonga kwa mwiko ile sufuria ya kichwani. "Umeniahidi kunipikia chakula cha jeshi nionje. Nimekuja na sufuria yangu. Iko tupu, Sele. Angalia. Tupu."

Akaivua akaigeuza chini juu mbele ya jeneza, ili aone vizuri.

Hapo ndipo Mama Sele, aliyekuwa ametolewa na mkeka wake kando ya uwanja, alipolia. Kilio kilitoka chini sana, na wanawake wakampokea. Watu walikuwa wanacheka na kufuta machozi kwa kiganja kilekile. Wale askari wanne walikuwa bado wamesimama wima, lakini nyuso zao zilikuwa zimelowa, na mmoja mabega yalikuwa yanamtikisika, sikujua kwa lipi. Luteni alitazama mbele tu. Sikuweza kumsoma.

Wiki iliyofuata nilipata barua ya kutakiwa kujieleza: kwa nini nilivuruga ratiba, kwa nini nilibadili maneno ya wasifu, kwa nini shughuli ya heshima iliingizwa mzaha. Wenzangu walinishauri niandike kurasa, niseme nimejifunza, niombe radhi. Mimi ambaye chuoni sikuwahi kuandika insha isiyozidi kipimo, nilijibu kwa mstari mmoja: "Marehemu alikuwa na watani." Nikasaini. Baada ya hapo sikupewa tena shughuli kubwa, nikabakia kusimamia mashindano ya kwaya mpaka nilipoona nimezijua nyimbo zote. Msinipe pole. Ningepewa siku ile tena ningefanya vilevile, ila ningesogeza jenereta mbali zaidi, maana ilimeza baadhi ya matusi mazuri ya Somoe.

Nawaambia haya kwa sababu mtapewa ratiba za namna hiyo. Mtaambiwa kijana aliyekufa akibeba chakula ni mdogo mno, muongezeeni bunduki. Kataeni. Waliokuwa lindo kule walikuwa na njaa, yeye akawaendea kwenye matope. Anayeona hilo halitoshi, alale na njaa kwanza ndipo tuzungumze. Na mtaambiwa kicheko kinapunguza heshima. Kataeni hilo pia, na mkihitaji ushahidi, chukueni huu wa mwisho.

Adhuhuri ilikuwa karibu. Sheikh akageuza kiti. Askari wakaikunja bendera kwa ule utaratibu wao, pembe kwa pembe, wakamkabidhi Luteni. Akaibeba kwa mikono miwili mpaka mkekani kwa Mama Sele, akapiga goti, akampa. Akamwambia neno ambalo kipaza sauti hakikulipata. Baadaye Mama Sele aliniambia lilikuwa hili: "Mama, ming'oko yake tumekula sote." Akasimama, akapiga saluti ndefu, akageuka nyuma.

Kisha akaondoka. Kijana mwenye cheo, aliyenyooka kama rula, akavuka uwanja wote wa Mama Sele kurudi kwa askari wake: mkono wa kushoto na mguu wa kushoto, mkono wa kulia na mguu wa kulia, uso umebana vilevile, akiyumba.

Somoe akashika sufuria yake kwa mikono miwili. Na Mama Sele, bendera kifuani, machozi bado yanamtoka, akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kuonyesha meno, na kikaendelea mpaka jeneza lilipoinuliwa.

Kijana wa itifaki hadi leo anasema Luteni aliteleza kwenye mchanga. Kweli, Msimbati ina mchanga, hata magari unayakwamisha. Lakini mimi nimefundisha halaiki maisha yangu yote. Mchanga hutelezesha miguu. Mikono haitelezi.